Diski Moja, Mifumo Miwili: Jinsi Diski ya Nje ya Kompyuta Inavyogawanywa

Izigo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba, katika Mkoa wa Kagera, kusini mwa mji wa Bukoba. Huko, kama katika sehemu nyingi za ukanda huo wa Ziwa Viktoria, nyumba huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba iliyochanganywa na mibuni, na maharage yakistawi chini yake. Mzazi anapowagawia watoto wake kibanja kimoja, ardhi yenyewe haibadiliki. Udongo ni ule ule na migomba ni ile ile. Kinachobadilika ni mipaka. Mashahidi huitwa, mimea ya mpaka hupandwa kwa mstari, na tangu siku hiyo kila mmoja hulima upande wake. Mpaka ukiheshimiwa, ndugu hukaa kwa amani. Mpaka ukifutika, ugomvi huanza hata kama hakuna mgomba uliokauka.

Jambo linalofanana na hilo hutendeka ndani ya diski ya kompyuta. Diski moja yaweza kugawanywa mafungu kadhaa, na kila fungu likawa makao ya mfumo wake, bila mmoja kumwingilia mwenzake. Makala haya yanaeleza jinsi mgawanyo huo unavyofanywa, kwa nini shule ya sekondari inaweza kuuhitaji, na hatari zinazomngoja mtu asiyejiandaa.

Tatizo lenyewe

Kompyuta haiwezi kufanya kazi yoyote ya maana pasipo mfumo wa uendeshaji. Mfumo huu ni programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopokea herufi kutoka katika kibao cha kuchapia, na unaoandika faili katika diski. Windows ni mfumo wa uendeshaji. Ubuntu, ambao umejengwa juu ya Linux, ni mwingine. Kila mfumo hutolewa kwa matoleo, na kila toleo lina umri wake. Watengenezaji wa Windows 7 waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, na utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo lisilotunzwa huendelea kufanya kazi, lakini kasoro za usalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi.

Hapo ndipo mgongano unapotokea. Usalama humtaka mtumiaji ahamie toleo jipya, na kazi aliyoizoea aghalabu humtaka abaki katika toleo la zamani.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa hisabati katika shule iliyoko mahali kama Izigo. Mwalimu huyu hutunza alama za maendeleo za wanafunzi kwa programu ndogo iliyoandikwa miaka mingi iliyopita kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python 2. Utunzaji wa lugha hiyo ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Katika Ubuntu 22.04, toleo la Aprili 2022, Python 2 bado yaweza kusimikwa kutoka katika ghala la programu la mfumo huo. Katika Ubuntu 24.04, toleo la Aprili 2024, imekwisha kuondolewa. Mwalimu anataka toleo jipya kwa kazi zake za kila siku na toleo la zamani kwa ajili ya alama, mpaka programu ile itakapoandikwa upya. Wakati huo huo kompyuta anayoitumia ni mali ya shule. Ina Windows ndani yake, ofisi nzima huitegemea, na hana ruhusa ya kuibadilisha. Alicho nacho mwenyewe ni diski moja ya nje ya gigabaiti 500.

Ufumbuzi ni kuigawa diski hiyo ya nje na kuviweka vyote viwili humo: toleo la zamani katika fungu moja, toleo jipya katika fungu la pili, na nyaraka zake katika fungu la tatu. Akiichomeka diski, kompyuta huamkia katika toleo analolichagua. Akiichomoa, kompyuta ya shule hurudi katika Windows yake kama ilivyokuwa.

Yafaa kutaja hapa kwamba Ubuntu hutolewa bure, na sheria zake humruhusu mtu kuunakili na kumpa mwenzake. Jina lake ni la lugha za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu". Kwa uhuru wa namna hiyo hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza, mwaka 2004, kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili na kuipa jina la Jambo OpenOffice.

Sekta na anwani

Kabla ya kuelewa mpaka, hapana budi kuelewa ardhi inayopimwa. Kwa kompyuta, diski ni safu ndefu ya vijisanduku vyenye ukubwa sawa, viitwavyo sekta. Kila sekta ina namba yake, kuanzia sifuri na kuendelea. Kwa desturi sekta moja hubeba baiti 512. Diski ya kibiashara ya gigabaiti 500 ina baiti 500,000,000,000, kwa hiyo ina takribani sekta 976,562,500.

Wanafunzi wengi hushangaa wanapoichomeka diski hiyo na kuona kompyuta ikionyesha 465 tu. Hakuna aliyeibiwa. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huihesabu kuwa 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Ukigawanya 500,000,000,000 kwa namba hiyo ya pili, jibu ni 465 na ushei.

Fungu basi ni nini? Ni sekta zinazofuatana, kutoka namba fulani hadi namba fulani. Hakuna ukuta wa chuma unaojengwa ndani ya diski. Kuna maandishi tu yanayosema: fungu la kwanza laanzia hapa na kuishia pale, la pili laanzia pale na kuishia kule. Maandishi hayo huitwa jedwali la mafungu. Sekta ambazo hazikutajwa katika jedwali hufanana na rweya, yale majani ya wazi nje ya vibanja. Zipo, lakini hazijagawiwa mtu.

Majedwali ya aina mbili

Jedwali la kale, lijulikanalo kwa herufi MBR, lilianza kutumika mwaka 1983 pamoja na mfumo wa PC DOS 2.0 wa kampuni ya IBM. Huandikwa katika sekta ya sifuri peke yake. Kati ya baiti zake 512, baiti 446 ni za programu fupi ya kuamshia, 64 ni za jedwali, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila fungu huelezwa kwa baiti 16. Kwa kuwa 64 ukigawanya kwa 16 ni 4, jedwali hilo haliwezi kutaja mafungu makuu zaidi ya manne. Aidha, namba ya sekta huandikwa kwa biti 32, hivyo diski yenye sekta za baiti 512 haiwezi kutajwa zaidi ya baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 hivi.

Jedwali jipya huitwa GPT. Namba za sekta huandikwa kwa biti 64, na kwa kawaida kuna nafasi ya mafungu 128. Ubora wake mkubwa ni kwamba huandikwa mara mbili, mwanzoni mwa diski na tena mwishoni kabisa, pamoja na hesabu ya kukagua kama maandishi yameharibika. Ni sawa na hati ya shamba ambayo nakala yake moja iko kwa mwenye shamba na nyingine iko mahali pengine salama.

Inafaa kutafakari udogo wa maandishi haya. Jedwali la GPT la mwanzo, pamoja na vichwa vyake, huchukua sekta 34, na nakala ya mwisho sekta 33. Jumla ni baiti 34,304, yaani chini ya sehemu moja katika milioni kumi ya diski ya gigabaiti 500. Hata hivyo baiti hizo chache zikiharibika, kompyuta haijui tena kipi ni cha nani. Kazi ya miaka kumi ingali imelala ndani ya diski, lakini njia ya kuifikia imepotea.

Kompyuta inavyoamka

Kompyuta inapowashwa haina habari ya Windows wala Ubuntu. Kitu cha kwanza kufanya kazi ni programu ya kiwandani iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu. Katika kompyuta za miaka ya karibuni programu hiyo hufuata kanuni ziitwazo UEFI. Yenyewe hukagua viungo vya kompyuta, kisha hutafuta katika diski fungu dogo la kuamshia. Fungu hili hupangwa kwa utaratibu wa FAT32, ambao programu ya kiwandani inaweza kuusoma. Ndani yake hukuta programu ya kuamshia, nayo humwonyesha mtumiaji orodha ya mifumo iliyopo. Mtumiaji akichagua, kiini cha mfumo hupakiwa katika kumbukumbu, na mfumo huo hushika usukani.

Diski ya nje ina jambo moja la pekee. Kompyuta iliyotumika kusimika mfumo huandika katika kumbukumbu yake yenyewe mahali programu ya kuamshia ilipo. Diski ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine, kumbukumbu hiyo haisafiri nayo. Kwa sababu hiyo kanuni za UEFI zimeweka njia moja ya jumla ambayo kila kompyuta ya kawaida ya biti 64 hujua kuitafuta: faili iitwayo BOOTX64.EFI, ndani ya jalada BOOT, lililo ndani ya jalada EFI. Faili hiyo isipokuwapo, diski itaamka katika kompyuta moja na kukataa katika nyingine. Kwa Ubuntu, amri ya grub-install ikiambatanishwa na neno --removable huiweka faili hiyo mahali pake.

Mpango wa mafungu

Mtu mwenye busara hupima kwa karatasi kabla ya kushika jembe. Kwa diski ya gigabaiti 500, mpango ufuatao wafaa:

Fungu la 1: la kuamshia, FAT32, gigabaiti 1.
Fungu la 2: Ubuntu 22.04, utaratibu wa ext4, gigabaiti 60.
Fungu la 3: Ubuntu 24.04, utaratibu wa ext4, gigabaiti 60.
Fungu la 4: akiba kwa toleo litakalofuata, gigabaiti 60.
Fungu la 5: ghala la nyaraka, utaratibu wa exFAT, gigabaiti 319 zilizobaki.

Fungu la akiba lina sababu yake. Utunzaji wa kawaida wa Ubuntu 22.04 umewekewa kikomo mwaka 2027, na wa 24.04 mwaka 2029. Toleo jingine litakapohitajika, nafasi itakuwa imekwisha kutengwa, wala haitalazimu kusogeza mipaka iliyokwisha kukaliwa. Kusogeza mpaka wa fungu lenye faili ni kazi ndefu, na ikikatizwa katikati huweza kuangamiza yaliyomo. Ghala limepewa utaratibu wa exFAT kwa kuwa Windows na Ubuntu zote mbili huusoma na kuuandika, nao hauna kikomo cha FAT32 cha kukataa faili moja inayofikia gigabaiti 4.

Ieleweke pia kwamba ghala ni la nyaraka tu. Wengine hushawishika kuyapa matoleo yote mawili makao mamoja ya mtumiaji, mahali ambapo kila programu huhifadhi mipangilio yake. Hilo ni kosa. Toleo jipya likiibadilisha mipangilio kwa namna yake, toleo la zamani huenda lisiielewe. Kila toleo libaki na makao yake. Yanayochangiwa yawe ni nyaraka.

Hatua za kazi

Kwanza, nakala za kila kilichomo katika diski ya nje hutengenezwa na kuwekwa mahali pengine, kisha hufunguliwa ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Hatua hii hairukwi kwa sababu yoyote.

Pili, mfumo wa kusimikia hutayarishwa katika flashi, na kompyuta huamshwa kutoka humo. Kitufe cha kuchagua mahali pa kuamkia hutofautiana kwa mtengenezaji. Katika kompyuta nyingi ni F12, F9 au Esc.

Tatu, diski ya nje hutambuliwa kwa hakika. Linux huziita diski kwa majina kama sda na sdb, lakini majina hayo huweza kubadilika kulingana na jinsi zilivyogunduliwa wakati wa kuamka. Jina peke yake si ushahidi. Mtu atazame ukubwa na jina la mtengenezaji, aichomoe diski, aone ni ipi imetoweka katika orodha, kisha airudishe.

Nne, jedwali jipya la GPT huandikwa, na mafungu huundwa kwa mpango uliokubaliwa. Programu nyingi hulianzisha fungu la kwanza katika sekta ya 2048, yaani baiti 1,048,576 kutoka mwanzo. Hufanya hivyo kwa kuwa diski nyingi za sasa kwa ndani hutumia vipande vya baiti 4,096, na fungu lililoanza katikati ya kipande hupunguza kasi.

Tano, toleo la zamani husimikwa kwanza na jipya baadaye. Matoleo yote mawili ya Ubuntu hutumia jalada lenye jina moja katika fungu la kuamshia, kwa hiyo lililosimikwa mwisho ndilo litakaloiandika orodha. Ni vyema orodha iandikwe na programu mpya, inayoweza kuuamsha mfumo wa zamani. Orodha isipoonyesha toleo la zamani, ni kwa sababu utafutaji wa mifumo mingine umezimwa, nao huwashwa katika faili ya mipangilio ya programu ya kuamshia.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni kuichagua diski isiyo yenyewe. Kuandika jedwali jipya katika diski ya ndani ya ofisi huchukua sekunde chache, na orodha ya ada, barua na kumbukumbu za shule nzima hutoweka machoni. Ikitokea hivyo, dawa ni kuacha kuandika chochote mara moja. Kufuta jedwali hakufuti yaliyomo katika mafungu, na programu kama TestDisk huweza kuzipekua sekta na kuitambua mipaka ya zamani. Lakini kila faili mpya inayoandikwa yaweza kufunika ya kale, na katika diski za chipu zisizo na sahani ya sumaku, kulipanga fungu upya aghalabu huifuta data yenyewe.

Hatari ya pili ni programu ya kuamshia kuandikwa mahali pasipokusudiwa. Baadhi ya programu za kusimika huiweka katika fungu la kuamshia la diski ya ndani, hata pale mtumiaji alipochagua diski ya nje. Mwalimu akiondoka na diski yake, kompyuta ya shule hubaki ikitafuta orodha iliyosafiri. Kwa hiyo kabla ya kusimika ni heri fundi aitenganishe diski ya ndani kwa muda. Pasipowezekana, fungu la kuamshia lililochaguliwa likaguliwe mara mbili.

Hatari ya tatu ni umeme. Kwa miaka mingi Bukoba na jirani zake zilitegemea umeme ulioletwa kutoka Uganda, na wakazi wanafahamu maana ya kukatikiwa kazi ikiwa katikati. Kazi ya kugawa diski ifanywe kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, na kamwe isianzwe radi zinapopiga. Kadhalika, mfumo uliolazwa usingizi badala ya kuzimwa kabisa huwa umeacha daftari la faili wazi. Mfumo mwingine ukiandika katika ghala lile lile wakati huo, hesabu za wawili hao hugongana. Kwa hiyo Windows au Ubuntu izimwe kabisa kabla ya mwingine kuamshwa.

Mpaka si nakala

Kosa lililo kubwa kuliko yote halihusu amri wala vitufe. Ni imani kwamba kwa kuwa alama zimewekwa katika fungu lake, basi ziko salama. Fungu huzilinda nyaraka dhidi ya mfumo jirani: Ubuntu ikiharibika yaweza kusimikwa upya bila kuligusa ghala. Lakini mafungu yote matano yamo katika chombo kimoja. Kikianguka sakafuni, kikinyeshewa au kikiibiwa, yote matano hupotea pamoja. Kibanja kilichogawanywa watoto watano kingali juu ya kilima kimoja, na mvua ya mawe haiulizi mpaka.

Kwa mwalimu wa mfano wetu, kilicho katika hatari ni alama za wanafunzi zilizokusanywa kwa miaka. Mwanafunzi aliyeketi kwa kila jaribio hana njia ya kuzithibitisha faili likipotea. Kwa sababu hiyo nakala ya pili ya ghala ikae katika diski nyingine, katika nyumba nyingine, na alama za kila muhula zichapwe na kubandikwa katika daftari la shule. Na kwa kuwa alama ni siri ya wanafunzi, faili zake zifungwe kwa neno la siri kabla ya diski kutoka nje ya lango.

Maswali kwa wanafunzi

1. Jedwali la MBR huandika namba za sekta kwa biti 32. Kama kila sekta ingekuwa ya baiti 4,096 badala ya 512, diski kubwa kabisa inayoweza kutajwa ingekuwa ya baiti ngapi?

2. Diski ya kibiashara ina baiti 1,000,000,000,000. Ina sekta ngapi za baiti 512? Windows itaionyesha kuwa ya gigabaiti ngapi?

3. Eleza kwa nini kufuta jedwali la mafungu si sawa na kufuta faili zilizomo ndani ya mafungu.

Majibu: (1) 17,592,186,044,416. (2) Sekta 1,953,125,000, gigabaiti 931. (3) Jedwali hutaja mipaka tu; yaliyomo hubaki katika sekta zake hadi yatakapofutwa au kufunikwa na maandishi mapya.